Kama mnakadiria kesho yangu, nionyesheni hiyo karatasi

Kwa Mhariri,

Siku hizi kila mahali ni Singapore. Kwa semina, kwa redio, hata ofisini saa nne tukinywa chai, lazima mtu aseme tungekuwa mbali kama tungepandisha watumishi wa serikali vyeo vile wao wanapandisha, yaani kuangalia mtu anaweza kufika wapi badala ya kuangalia ameketi hapo miaka mingapi. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Nairobi, niliingia 2007, kazi yangu ni masijala, mafaili tu kutoka asubuhi hadi jioni. Na hayo maneno yakisemwa roho yangu inashtuka. Singapore sina shida nayo. Shida yangu ni hukumu ya mtu kuandikwa kwa karatasi ambayo mwenyewe hataiona, hiyo naijua, tumeishi nayo nyumbani kwetu.

Wacha kwanza nieleze huo mfumo maana wengi wanautaja tu juu juu. Singapore walirithi utaratibu wa Mwingereza wa kupima watumishi kama sisi, halafu 1983 serikali ya waziri mkuu wao Lee Kuan Yew ikauweka kando ikachukua wa kampuni ya mafuta ya Shell. Shell walikuwa wanatafuta vitu vitatu kwa mtu: anaweza kuchambua jambo, ana mawazo mapya, na anajua hali ilivyo kweli sio vile angependa iwe. Vyote vikikutana wanasema huyo ana macho ya helikopta, akiwa juu anaona shamba lote na bado anaweza kushuka hadi kwa mti mmoja wenye ugonjwa. Kwa mfumo huo kila mwaka mkubwa wako anakadiria cheo cha juu kabisa ambacho utaweza kukishika vizuri ukifika kama miaka 45. Ripoti yenyewe ni mbili. Ya kazi uliyofanya mnaketi mnaijadili, ya uwezo wako wa baadaye ilikuwa ya wakubwa peke yao. Halafu kuna kikao, maafisa wa ngazi moja wanapangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenye makadirio ya juu anapanda mbio, anapewa kazi nzito nzito za kumkomaza, na wa makadirio ya chini anapanda polepole hata kama kazi yake ya mwaka haina doa.

Sasa sisemi hakuna ukweli hapo. Uko. Mtu anaweza kuwa fundi kabisa wa kazi yake na ukimpa watu kumi awasimamie ofisi inaharibika ndani ya mwezi mmoja, nimeona hiyo, na aliyeumia zaidi ni huyo fundi mwenyewe. Kuuliza kama mtu anaweza kazi ya mbele ni swali halali. Mimi naongea juu ya nani anaulizwa, na jibu linawekwa wapi.

Baba yangu alikuwa karani wa serikali enzi za ripoti ya siri. Mkubwa anaandika kila mwaka, bahasha inafungwa, inaenda masijala ya siri na basi. Mzee alikaa cheo kimoja miaka kumi na nne. Alienda intavyu na ile suti yake ya kahawia, mama anaipiga pasi usiku kwa pasi ya makaa, anarudi jioni anasema iliendeka vizuri, halafu kimya. Akastaafu na miaka 55, maana kuongezwa hadi 60 kulikuja 2009 na yeye alikuwa ameshatoka kitambo. Kitu alichotoka nacho kazini ni swali moja, waliandika nini? Kichwani alikuwa na wakubwa watano aliowahi kufanya chini yao na kila mara alikuwa anawapitia mmoja mmoja, na kuna mmoja aliamua ndiye, mpaka siku moja tulikutana na huyo mzee kwa matanga baba akakataa kumpa mkono. Mbele ya watu. Na huenda huyo ndiye aliyemwandikia mazuri, hatutajua, wote wawili wamelala sasa.

Kenya hiyo tuliiacha. Mikataba ya utendaji ikaanza 2004, na 2006 ikaja apreizo ya wazi, yaani kupimwa kazi kwa kila mtumishi, Julai mnakubaliana tageti na supavaiza wako, katikati ya mwaka mnaangalia mmefika wapi, Juni mnafunga, unaona maksi zako na unatia sahihi. Nilipoingia kazini mwaka uliofuata niliona kama zawadi, nilimpelekea baba fomu yangu ya kwanza akaisoma mara mbili akivaa miwani yake akaniuliza, kwani wanakuonyesha?

Lakini tuseme ukweli, maksi za apreizo siku hizi zimekaribiana sana. Mkubwa hataki vita na watu anaokula nao, anampa huyu 98 yule 99 maisha yaendelee. Kwa hivyo fomu zikifika mahali pa kuamua nani apande haziwatofautishi watu, na hapo ndipo lile swali la Singapore linaingia kwa mlango wa nyuma bila jina na bila karatasi. Huyu ameiva? Unamwonaje? Na mtu mmoja anajibu, mara nyingine kwa korido tu. Huku kwetu ngazi za vyeo ni herufi, kutoka J hadi L unapanda na miaka yako, kuanzia M ndio nafasi ni chache na watu ni wengi, na hapo neno moja la korido linaweza kukulaza miaka. Sisi hayo makadirio tunayo tayari, ila ya kwetu yanasemwa kwa mdomo, na neno la mdomo halina faili la kufungua.

Yangu niliyasikia kwa bahati. 2016 niliomba kupelekwa kozi ya usimamizi kwa chuo cha watumishi wa serikali kule Lower Kabete, supavaiza wangu wa wakati huo akaniambia bila hata kuinua macho, wewe mama ni mtu wa makaratasi, wewe sio wa kuongoza watu, na bado uko na watoto wadogo. Hiyo ndiyo ilikuwa tathmini ya uwezo wangu. Haikuandikwa popote kwa hivyo sikuwa na mahali pa kuipinga. Alikwenda mwingine mdogo kwangu, na sawa ana haki yake, lakini angalieni vile mambo yalifuata: aliporudi na cheti akapewa kukaimu. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema kukaimu kusizidi miezi sita, yeye alikaa zaidi ya hiyo, na nafasi ilipotangazwa yeye ndiye alikuwa na kozi na uzoefu. Mimi nilikuwa na maneno ya makaratasi. Ukimkadiria mtu chini unamnyima kile ambacho kingeonyesha kwamba ulikosea, halafu baada ya miaka mitano unasema si niliwaambia.

Miaka mitatu baadaye akaja supavaiza mwingine. Hakunijua. Alinipa vijana sita na mafaili ya malipo ya uzeeni yaliyokuwa yamerundikana hadi dirishani, watu wazima wanatoka mbali na basi ya usiku kuulizia, na tukayamaliza. Mtu ni yule yule, watoto wale wale, mkubwa tu ndiye alibadilika.

Na hiyo ya miaka 45 pia iangaliwe sana ikifika hapa. Kuna kizazi chetu kilichomaliza chuo wakati ajira ya serikali imefungwa, baada ya mageuzi ya 1993 ya kupunguza watumishi. Mimi niliingia na miaka 31. Mwenzangu aliyeingia na 23 ana miaka nane mbele yangu kabla hajaulizwa swali lolote, na mwanamke ukatoe hapo likizo za uzazi na ile miaka unaambiwa tulia kwanza ulee.

Na haki ya kuonyeshwa hatuhitaji kuitafuta Singapore, iko kwa Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 232 kinasema kupandishwa cheo kuwe kwa ushindani wa haki na ustahili. Cha 47 kinasema uamuzi ukiumiza haki yangu nipewe sababu kwa maandishi. Cha 35 ndicho kinanigusa mimi mtu wa mafaili, kwamba kila mtu ana haki habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu irekebishwe au ifutwe. Nitarekebishaje neno lililosemwa kwa korido?

Kwa hivyo wakubwa mnaotaka kuleta makadirio ya uwezo, leteni, lakini andikeni. Mseme huyu tunamwona afike hapa kwa sababu ya kazi hii na hii aliyoifanya, nisome, niandike upande wangu, na mtu wa pili asiyenijua apitie. Na mwaka ukiisha yaanzwe upya, yasibebwe tu kutoka kwa supavaiza mmoja hadi mwingine kama jina la utani. Mkiniambia uwezo wangu unaishia hapa nilipo na mniambie kwa nini, nitalia siku mbili halafu nitajua nijipange vipi. Baba hakupata hata hiyo.

Mwaka huu tunafunga tarehe 30 Juni. Fomu yangu nimeshaijaza iko kwa droo, na chini kabisa nimeambatanisha karatasi tupu yenye swali moja, unaonaje naweza kufika wapi na kwa nini. Fomu haijauliza hilo. Nitamwomba mkubwa wangu alijibu nikiwa nimeketi hapo hapo mbele yake.

Ni mimi,
Mtu wa masijala,
Kayole, Nairobi