Kile si kibanda cha njiwa, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumapili iliyopita mlichapisha picha za majumba ya kale ya Uingereza, nami nimezifurahia sana. Ila ile ya chini kushoto, ya kijumba cha pembe nane kilichojificha mitini, mmeieleza kuwa ni "kibanda cha njiwa". Sicho. Mimi ni fundi seremala, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 19 hapa Norfolk. Vijumba vya aina ile nimevikarabati viwili kwa mikono yangu. Ni nyumba za kutundikia nyama ya mawindo.

Wenye mashamba makubwa ya huku huwinda kwa msimu, na misimu iliyowekwa na sheria ya 1831 inafuatwa hadi leo: fesanti, ndege wa mkia mrefu aliye jamaa ya kuku, hupigwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 1 Februari. Zamani siku moja ya kuwinda na wageni iliweza kuleta mamia ya ndege nyumbani, na jokofu halikuwapo. Tena nyama hiyo hawaili siku ile ile. Ndege hutundikwa kwa shingo, manyoya yakiwa bado mwilini, sungura kwa miguu ya nyuma, siku kadhaa, na baridi ikiwa kali hata wiki na zaidi, mpaka nyama ilainike na ladha ikolee. Sisi wa pwani, tuliozoea kuku achinjwe asubuhi aliwe mchana, tunashangaa. Mimi sijaionja, maana haikuchinjwa. Lakini nyumba inayoweka nyama wiki nzima bila kuoza, kwa upepo peke yake, fundi akiiona lazima asimame aitazame.

Kijumba husimama peke yake, harufu isifike sebuleni, ila mpishi asichoke kukiendea. Huwekwa kaskazini mwa jumba, kwa kuwa huku jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, na kikipata miti ya kukifunika ni bora zaidi. Paa hutokeza nje likazimwagia kuta kivuli. Madirisha hayana vioo, yana wavu wa waya mwembamba wa kuzuia nzi, au vibao vilivyolazwa mshazari. Juu ya paa kuna kipaa kingine kidogo chenye matundu: hewa ya baridi inaingia chini, ya joto inapanda na kutokea juu. Sakafu ni ya mawe au vigae, imeinamishwa kuelekea mferejini, damu ioshwe kwa ndoo moja ya maji.

Kile cha pili nilichokitengeneza kilikuwa kimeharibiwa na mtu aliyetaka kukitunza. Alipigilia plastiki kwenye matundu, akapaka vibao rangi nzito ya mafuta mpaka vikashikana. Unyevu ukakosa pa kutokea. Nilipofika kwenye ubao wa tatu kutoka chini, patasi ilizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, na huo ni mwaloni, mti unaovunja msumeno. Ndani ya rangi ya zamani palikuwa na unyoya mmoja wa rangi ya shaba, umenaswa. Kulabu zilikuwa bado zimepangwa darini kwenye vyuma vyake, zote zimelika upande mmoja tu, ule uliobeba uzito. Nilichonga vibao 62 upya, kila kimoja nikikipima kwa cha kale, maana kibao kikilala mno mvua inaingia, kikisimama mno upepo unakosa njia. Kazi hiyo ilinichukua wiki tano, na sijawahi kufanya nyingine niliyoipenda kama hiyo.

Matajiri walivipamba mno. Cha jumba la Holkham, katika mkoa huu huu wetu, kilichorwa na msanifu majengo Samuel Wyatt mwanzoni mwa karne ya 19, nacho kina pembe nane. Huko kwenye jumba la Uppark, Sussex, njia ya kukiendea imepambwa hata kwa mifupa ya kulungu.

Milango yake lakini ni mizito na makufuli ni makubwa, na sababu si nzi. Sheria ya 1671 ilimnyima mkulima mdogo haki ya kuwinda hata sungura anayemlia mboga zake. Ile ya 1828 ilisema anayekamatwa kwa ujangili wa usiku mara ya tatu aweza kusafirishwa ng'ambo kama mfungwa kwa miaka saba. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka babu yangu wa Handeni. Alikuwa mwindaji, mwana wa mwindaji, na wakati wa Mwingereza akaambiwa kuwa bila leseni yeye ni jangili. Alikufa akiuliza nani alimpa mtu yule wanyama wote. Sheria ile haikuzaliwa Handeni. Ilitoka huku, kwenye makufuli haya.

Kuna jingine, Mhariri, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka juzi nilikuja likizo Tanga, nikaingia bucha moja ambayo sitaitaja. Mbele ni kioo kitupu kinachotazama magharibi, nyuma ni ukuta usio na tundu hata moja. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Saa kumi jioni paja la ng'ombe lilikuwa linatoka jasho, na kijana muuzaji, maskini, anapunga nzi kwa kipande cha boksi. Sisemi upepo wa Tanga ushindane na jokofu, joto letu ni jingine. Nasema saa zile umeme haupo, chumba chenye wavu pande mbili, mwanya chini ya paa na kizuizi cha jua la magharibi kingemsaidia yule kijana kuliko kioo kile, tena kwa mbao na waya wa hapo hapo sokoni.

Vipimo vya vibao vyangu ninavyo, nimevichora kwenye karatasi. Fundi yeyote akivitaka, mniunganishe naye, nitampa bure. Na yale maelezo ya picha, tafadhali, yarekebisheni.

Fundi seremala,
Norfolk, Uingereza