YAH: Malalamiko kuhusu kilango cha paka mlichoniuzia kwa ajili ya mlango wa chuma

Mwanga, Kigoma
10 Juni 2024

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 22 Aprili mwaka huu niliagiza kwenu kilango cha paka, kile cha betri kinachomtambua paka kabla ya kumfungulia. Nililipa shilingi 310,000 kwa simu siku ileile. Leo kilango kimo ndani ya boksi juu ya kabati, mlango wa stoo yangu una tundu lililozibwa kwa ubao, na ujumbe wangu wa mara tatu hamjaujibu.

Nianze na kwa nini nilikinunua, maana kijana wenu aliyepokea simu yangu mara ya pili aliniuliza kwa dharau, "Mama, laki tatu yote kwa ajili ya paka?" Mimi nauza dagaa. Nanunua Kibirizi alfajiri mitumbwi inaporudi, nakausha, nafunga kwenye magunia, naweka stoo nyuma ya nyumba hadi bei ikae vizuri. Huku kwetu mwenye stoo ya dagaa hufuga paka. Panya akiingia usiku haishii kula. Anatoboa magunia, anakojolea mzigo, na mnunuzi wa jumla akisikia harufu ile anaondoka bila hata kuuliza bei. Sumu siwezi kuweka karibu na chakula cha watu. Paka wangu, Chausiku, ana miaka minne, na stoo hiyo ameilinda tangu alipoacha kunyonya.

Shida yangu ilikuwa mlango. Nikiuacha wazi, mashume wa mtaa mzima wanaingia, maana harufu ya dagaa haifichiki. Nikiufunga, ama Chausiku anabaki ndani usiku kucha hana pa kujisaidia, na hawezi kuchafua palipo na dagaa, ama anabaki nje na panya wanafanya watakavyo ndani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiamka saa nane usiku kumfungulia, kisha tena kabla ya adhana ya alfajiri. Nina umri wa miaka hamsini na sita. Usingizi uliokatwa namna hiyo kila siku si jambo dogo kwangu.

Kwa hiyo sikununua kwa pupa. Niliuliza kuhusu kila aina mliyokuwa nayo. Kile cha bei nafuu, ambacho ni kifuniko tu kinachobembea, nilikikataa kwa sababu shume anayejua kusukuma sufuria hashindwi kusukuma plastiki. Kile cha sumaku, ambacho paka huvaa sumaku shingoni na komeo likaachia anaposogea, nilikikataa pia. Uani kwangu kuna misumari, vipande vya waya na vifuniko vya soda. Sumaku ingeviokota vyote, na paka akinasa shingo kwenye wavu wa kukaushia dagaa, nitamkuta amekufa. Nikabaki na hiki cha tatu. Kinasoma chipu iliyo chini ya ngozi ya paka, ndogo kama punje ya mchele, yenye namba ya tarakimu 15, au kinasoma kidude chepesi cha kuning'iniza shingoni kinachofanya kazi kama chipu hiyo. Chausiku hana chipu mwilini. Mliniambia vidude viwili vimo ndani ya boksi, na ni kweli vilikuwemo. Hilo nawashukuru.

Sasa nifike kwenye lalamiko lenyewe. Kabla ya kulipa niliwaandikia, na ujumbe huo bado ninao kwenye simu: "Mlango wa stoo ni wa chuma, pleti nzima, hauna mbao. Kitafaa?" Jibu lenu lilikuja baada ya dakika chache: "Kinafaa mlango wowote mama, ondoa shaka." Tangazo lenu nalo linasema hivyohivyo, mlango wowote, dirisha lolote. Niliuliza makusudi. Mlango ule ni wa chuma kwa sababu ya wezi, na kwa sababu wa mbao uliokuwepo mwanzo panya waliutafuna pembeni hadi wakapata njia. Laiti mngenijibu kwamba chuma kina masharti yake, ningetafuta njia nyingine, hata kutoboa ukuta wa matofali.

Mzigo ulifika stendi ya Masanga tarehe 2 Mei, nauli ya basi shilingi 15,000. Jumamosi tarehe 4 nikamwita fundi wa kuchomelea. Tulifanya kazi hiyo kwa uangalifu. Nilimpima Chausiku kutoka chini hadi tumboni akiwa amesimama, kwa kuwa ukingo wa chini wa kilango unatakiwa uwe usawa wa tumbo la paka ili asilazimike kuruka. Tukapata sentimita 15. Tukabandika karatasi ya kipimo iliyokuwa ndani ya boksi, fundi akachora kwa chaki, akatoboa pembe nne kwa drili, akakata kwa grenda kufuata mstari. Kingo zote akazipiga tupa mpaka nikapitisha kiganja bila kukwaruzika. Alinitoza shilingi 25,000 na alistahili.

Betri nne mpya. Nikabonyeza kitufe cha kukifundisha kilango, nikapitisha kidude cha Chausiku kama maelezo yanavyotaka. Kimya. Nikarudia mara kumi na zaidi, kimya. Mara moja tu komeo lilifunguka, tena baada ya kugusisha kidude kabisa kwenye ukingo wa juu, jambo ambalo paka hawezi kulifanya mwenyewe.

Kibaya ni kwamba kilango hicho hakimzuii paka kutoka. Kinasoma wakati wa kuingia tu. Usiku wa kwanza Chausiku alitoka kama kawaida yake, na mvua za mwisho wa msimu zilikuwa hazijaisha. Alfajiri nilimkuta amejikunyata chini ya kilango, manyoya yameloa hadi kwenye ngozi, sauti imemkauka kwa kulia. Chumba changu kiko upande wa barabarani, sikumsikia. Hilo limeniuma kuliko pesa, na naomba mlisome kwa uzito huo.

Tarehe 6 Mei niliwaandikia. Mkasema nibadilishe betri. Nikabadilisha. Mkasema paka bado hajazoea. Nikawajibu kwamba paka hana kosa, kifaa ndicho kisichosoma, hata mimi nikikishika kidude kwa mkono hakisomi. Hapo mkanishauri nizuie komeo kwa tepu ili kifuniko kibembee wazi, "mpaka paka azoee, wiki mbili tatu." Nikafanya mlivyosema.

Jumamosi tarehe 11 nilimwonyesha fundi redio wa hapa Mwanga. Alikichomoa kwenye mlango, akakilaza juu ya meza yangu ya mbao, akapitisha kidude. Tak! Komeo likafunguka. Akarudia mara ishirini, na mara zote ishirini likafunguka. Akakirudisha kwenye mlango wa chuma, kimya. Akakitoa tena mezani, tak. Akanieleza kwamba ndani ya fremu kuna waya uliozungushwa, ambao unatoa mawimbi, na kidude cha shingoni hakina betri yake, kinaamka kwa nguvu ya mawimbi hayo. Chuma kikiuzunguka waya kwa karibu kinayanyonya mawimbi yale kabla hayajakifikia kidude. Kazi hiyo ilimchukua nusu saa. Kampuni yenu inaviuza vifaa hivi kila siku.

Halafu mdogo wangu anayefundisha sekondari Ujiji akakaa na kile kijitabu chenye lugha nyingi, Kiswahili hakimo, akanitafsiria ukurasa kwa ukurasa. Akakuta imeandikwa waziwazi: kwenye mlango wa chuma tundu likatwe kubwa zaidi ya kilango, kisha kilango kifungwe kwenye ubao au kipande cha plastiki kinachokitenga na chuma. Kwa hiyo aliyekitengeneza alijua, akaandika. Ninyi mliokileta hapa nchini mliliacha hilo, mkaandika "mlango wowote". Na mteja alipouliza kwa maneno yake mwenyewe, bado mkamwambia aondoe shaka.

Yaliyofuata mnayajua, maana niliwatumia picha. Usiku wa tarehe 19 Mei, komeo likiwa bado limefungwa kwa tepu kwa ushauri wenu huohuo, shume wawili waliingia. Walichana magunia manne. Chausiku alipigana nao na sikio lake la kushoto limepasuka. Limepona, ila kovu limebaki. Huenda huko Dar es Salaam mtaona dagaa ni dagaa tu, kesho watavuliwa wengine. Hawatavuliwa. Ziwa Tanganyika limefungwa kwa shughuli za uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nililijua hilo mapema, kama wafanyabiashara wote wa huku, ndiyo maana nilijaza stoo, na ndiyo maana nilitaka kilango kiwe kimekaa sawa kabla ya tarehe hiyo. Mzigo ulioharibika ndani ya miezi hii hauna pa kufidiwa.

Hata hivyo, hasara ya dagaa siwadai. Sikupima kwenye mzani kabla ya kutupa, na sitaki kutaja kilo ambazo siwezi kuzithibitisha. Nimeiandika ili mjue kilichotokea. Ninachodai ni kile chenye risiti au ujumbe wa malipo.

Naomba mfanye mojawapo ya haya mawili. Mnitumie kile kipande cha kukitenga kilango na chuma, kilichotajwa kwenye kijitabu, kwa gharama yenu hadi Masanga, pamoja na shilingi 25,000 za fundi kuongeza ukubwa wa tundu. Au mchukue kilango chenu na kunirudishia shilingi 370,000, yaani bei ya kilango 310,000, nauli 15,000, kukata mlango 25,000, na 20,000 ambazo fundi ameniambia ndiyo gharama ya kuchomelea pleti kuliziba tundu. Mkiniachia nichague, nachagua la kwanza. Kilango si kibovu, nimekiona kikifunguka mezani mara ishirini bila kukosea, na Chausiku bado anahitaji njia. Kilichokosewa ni jibu lenu.

Zaidi ya hayo, rekebisheni tangazo. Liko bado, nimeliangalia jana usiku na neno "wowote" limo. Milango ya chuma imejaa mitaani kwetu, na atakayefuata atakata mlango wake kama nilivyokata wangu. Maneno mawili tu, kwamba mlango wa chuma unahitaji ubao wa kutenganisha, yanatosha. Na anayejibu ujumbe wa wateja apewe kijitabu akisome, au aruhusiwe kusema "ngoja nikuulizie". Mimi ningengoja hata wiki.

Nimejielimisha pia kuhusu haki yangu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Sijawaandikia Tume. Nimeona niwaandikie ninyi kwanza, kwa kuwa naamini mwenye duka aliye mwaminifu hapendi kusikia malalamiko ya mteja wake kwa mtu mwingine. Nasubiri jibu la maandishi hadi tarehe 24 Juni 2024. Tarehe hiyo ikipita bila jibu, barua hii pamoja na viambatisho vyake itakwenda Tume kama ilivyo.

Nimeambatisha nakala ya ujumbe wa malipo, risiti ya mzigo wa basi, picha ya mazungumzo yetu ya kabla ya malipo na ya baada yake, picha za mlango, na video fupi ya kilango kikiwa mezani kisha mlangoni. Itazameni video kabla ya kunipigia simu kuniuliza kuhusu betri.

Kilango chenyewe nimekifuta vumbi na kukirudisha kwenye boksi lake pamoja na betri, skrubu zote na kidude kimoja. Kidude cha pili Chausiku bado amekivaa. Mkiamua kukichukua chote nitamvua, na nitaupeleka mzigo stendi siku hiyohiyo nitakayopata ujumbe wenu.

Wenu,

Mteja wenu, mfanyabiashara wa dagaa,
Mwanga, Kigoma.