Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati na Petroli: nani anaisoma geji kisiwani Pate?

Mheshimiwa Waziri,

Huku Siyu tunakunywa maji ya visima vifupi. Ni maji matamu yaliyokaa juu ya maji ya chumvi, na tabaka lake ni jembamba. Ndiyo maana nakuandikia habari za saruji ya visima vya gesi.

Gesi iko chini yetu. Kisima kilichochimbwa hapa Pate mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilikumbana na gesi ya presha kali. Mwaka 2018 mtambo ulirudi kuchimba kisima cha pili, Pate-2, ukashuka zaidi ya mita 4,000.

Baina ya bomba la chuma na mwamba hujazwa saruji, na hiyo ndiyo inayoizuia gesi isipande. Tunaambiwa saruji hupimwa. Naam, hupimwa ikiwa bado mpya. Tabu huja baadaye: bomba hutanuka kwa joto, hunywea likipoa, na mwisho huacha mwanya mwembamba kuliko unywele. Gesi haitaki njia pana zaidi ya hiyo. Tena joto likizidi nyuzi 110 za Selsiasi, saruji ya kawaida hulegea isipochanganywa na unga wa silika, kiasi cha asilimia 35 hadi 40 ya uzito wake. Hata birika la msikiti, likishapigwa chokaa, halikosi mtu wa kulichungulia.

Kuchungulia kwenyewe si kazi kubwa. Juu ya kisima huwekwa geji ya kuonyesha presha iliyo baina ya mabomba, maana huvishwa moja ndani ya jingine. Fungua vali, mshale ushuke hadi sifuri, kisha funga usubiri. Ukipanda tena na tena, kuna kinachovuja huko chini.

Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa jamii asilimia 5 ya fungu la serikali la mapato ya petroli, na barazani hilo tumelisikia hadi tukachoka. Geji haijatajwa hata siku moja.

Kwa hiyo, kabla ya leseni nyingine kutolewa Lamu, tunaomba masomo ya geji yabandikwe kila mwezi ofisi ya chifu. Kisima kilichozibwa kikakatwa hakina geji. Hicho tuonyeshwe mchoro wa vizibo vyake vya saruji viko kina gani, na maji ya visima vya jirani yapimwe kama yana methani, yaani gesi yenyewe. Na kampuni iache dhamana benki ya kuziba upya, maana saruji itazeeka wao wakiwa washaondoka.

Tunaomba jibu kwa maandishi, Mheshimiwa.

Wako,
Mkaazi wa Siyu, Lamu