YAH: Rangi ya mpira isiyobanduka, na rimu yangu kukwaruzwa kaunta kwenu

Meneja,
Duka la Vifaa vya Magari,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sera yenu ya kurejesha bidhaa mnaijua, mmeibandika wenyewe ukutani, kwa hiyo sitaieleza. Naomba nirudishiwe fedha za makopo ya rangi nyeusi ya mpira niliyonunua kwenu kwa ajili ya rimu za Toyota IST yangu. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatanisha.

Mlichoniuzia si rangi ya mpira. Rangi ya mpira ikishakauka unaidaka ukingoni kwa ukucha, unavuta, inatoka kipande kizima, na rimu inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Lebo ya kopo inaahidi hivyo hivyo, na ndiyo sababu mtu anakubali kuilipia zaidi ya rangi ya kawaida ya kupuliza. Hii yenu imekauka ikawa ngumu na imeng'ang'ania. Ukiiparura inatoka unga.

Nilipoileta rimu moja dukani mwone wenyewe, kijana wenu wa kaunta alichukua funguo akaikwaruza mbele ya wateja, akasema, "Si hiyo imebanduka, mama?" Watu wakacheka. Rimu yangu, Ndugu Meneja. Kwa funguo!

Kwenye simu, kabla ya siku hiyo, niliambiwa huenda sikuosha vizuri. Niliosha. Vumbi la breki nililisugua kwa brashi na sabuni, lami na grisi nikazifuta kwa spiriti, nikaacha rimu zikauke kabisa, nikazungushia tairi kadi ngumu. Mkono wa kwanza wa rangi nilipuliza mwepesi, rimu ikiwa bado inaonekana, kisha mikono mizito zaidi, kila mmoja nikiusubiri ukauke. Najua kwamba hata rangi halisi ikipigwa nyembamba inakatikakatika wakati wa kuitoa, ndiyo maana sikubana matumizi. Gari halikutoka getini hadi kesho yake. Kama kuna hatua niliyoiruka, itajeni kwa maandishi.

Na uchafu haugeuzi mpira kuwa unga. Rimu ikiwa na grisi, rangi ya mpira hubanduka mapema kuliko ulivyotaka. Yangu imekataa kubanduka kabisa. Anayeuza bidhaa hii anapaswa kuijua tofauti hiyo bila kufundishwa na mteja.

Narudi kaunta, kwa sababu sijamaliza. Rimu ile niliibeba mwenyewe, nikaitandikia kanga juu ya kaunta yenu ili nisikikwaruze kioo chenu. Nilimwomba kijana, kwa adabu, ajaribu kuinua kona kwa ukucha wake. Ni kijana wa umri wa mwanangu. Hakujaribu. Alichomoa funguo mfukoni akavuta mstari kutoka ukingoni hadi kwenye tundu la nati, akikandamiza, mpaka aluminiamu ikaonekana nyeupe. Halafu ndipo akasema maneno yale. Msimamizi wake alikuwa amesimama pale pale na simu mkononi, ameona kila kitu, na alichoniambia ni hiki: "Mama, umeshahudumiwa, wapishe wengine." Nilipouliza jina la kijana, msimamizi alinigeuzia mgongo. Nikaikunja kanga yangu nikaondoka na rimu iliyoharibika kuliko nilivyoileta.

Jioni yake nikajibiwa kwa WhatsApp kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Sharti hilo halipo kwenye tangazo lenu la ukutani. Na mtu atajuaje kwamba rangi haibanduki bila kulifungua kopo?

Sasa fundi rangi ameziona rimu zote nne. Kuitoa rangi hii kunahitaji tina kali ya kuchanganyia rangi au dawa ya kuondolea rangi, na zote mbili zinakula vanishi ya kiwandani. Baada ya hapo ni msasa, rangi mpya na vanishi mpya. Nilinunua rangi ya kubanduka ili vanishi ile isiguswe.

Kwa hiyo fedha za makopo peke yake, nilizoomba hapo juu, hazitoshi tena. Nataka gharama yote ya kurudisha rimu nne katika hali yake, kwa fundi nitakayemchagua mimi. Nataka barua ya kuomba radhi yenye saini ya msimamizi aliyenigeuzia mgongo. Na makopo yaliyobaki kwenye shelfu zenu yaondolewe, asije mtu mwingine akaharibiwa gari lake.

Nawapa siku saba tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, naipeleka Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Kopo moja sijalifungua, lakiri yake ipo. Hilo nalipeleka TBS, Shirika la Viwango, Ubungo, wapime kilichomo. Picha za mkwaruzo ninazo, na mteja mmoja aliyekuwa foleni siku ile amekubali kutoa ushahidi. Msinipigie simu. Nijibuni kwa barua.

Wenu,
Mteja, Tabata