Kwa walimu wenzangu, kabla hamjachapisha kitenge

Wadogo zangu na wanangu,

Nimepata habari ya mchango wa kitenge chenye picha ya marehemu mwenzetu wa hisabati. Nasikia pia mmebishana rangi mpaka giza likaingia. Mimi ni mstaafu, kura sina, ila mmeniomba neno la mzee. Lipokeeni.

Kwenye matanga kila aliyesimama alimsifu kwa uvumilivu. Sawa, lakini alivumilia nini? Polio ilimshika utotoni, na hiyo alishaizoea. Alichovumilia miaka yote ni ngazi zetu tatu.

Volkano ya Nyiragongo ilipomwaga lava mjini tarehe 17 Januari 2002, shule ilizikwa, ikajengwa upya juu ya mawe yale meusi. Chumba cha walimu kikainuka, kikapandwa kwa ngazi hizo tatu. Tangu hapo marehemu aliegesha baiskeli yake ya magurudumu matatu chini ya dirisha na kusikiliza vikao akiwa nje. Karatasi ya mahudhurio ilimfikia kwa kupitia dirishani, akatia saini juu ya goti. Mvua ya Goma mnaijua: alijifunika turubai, kikao kikaendelea. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Yeye alikuwapo, na lake bado halikuwapo.

Darasani ubao ulikuwa juu mno. Aliandika nusu ya chini, nusu ya juu akawaachia wanafunzi: mmoja anasimama, anaandika hatua inayofuata, wengine wanamkosoa mpaka jibu linanyooka. Ndiyo maana watoto wake hawakuuogopa mtihani wa taifa. Nendeni mkauangalie ubao huo. Chini rangi nyeusi imeliwa na chaki, juu inang'aa kama ya jana. Ila msije mkasema kwamba ubao wa juu ulikuwa baraka. Aliomba ushushwe, tena kwa maandishi.

Kwenye kikapu cha baiskeli alibeba nakala ya sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Kifungu cha 49 cha Katiba, kinachotaka wazee na watu wenye ulemavu wapewe ulinzi maalumu, alikijua kwa kichwa. Hata hivyo hakumtishia mtu kwa sheria. Alitumia hesabu. Aliwapa wanafunzi zoezi: ngazi tatu, kila moja sentimita 15, njia ya mteremko inataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, tafuta urefu wa njia. Jibu ni mita 5 na sentimita 40. Limo kwenye madaftari ya watoto, na uwanja wetu unaitosha njia hiyo na kubaki.

Basi kitenge kiacheni. Fedha hizo zinunue saruji na kumlipa fundi mwashi. Mawe Goma hatuombi kwa mtu, na changarawe mtauziwa na akina mama wanaoponda kando ya barabara. Ukingo uwekwe pande zote mbili, na juu paachwe nafasi ya kugeuzia baiskeli, maana mafundi wengi husahau hapo. Ubao nao ushushwe siku hiyohiyo. Ni kazi ya misumari tu.

Kuhusu mjane, mmoja wenu ashike faili lake na kulifuatilia ofisini kwa niaba yake. Asiachwe kuzungushwa na makarani peke yake.

Jambo la mwisho. Nasikia kuna dada mmoja anayetembea kwa magongo ameomba nafasi aliyoacha marehemu, na wapo wanaosema tusimsumbue, ngazi zitamshinda. Mwiteni. Mkutane naye ndani ya chumba cha walimu. Kama saruji itakuwa haijakauka, tokeni nyote na viti vyenu, prefe, mkuu wa shule, akiwa wa kwanza, mkakae naye uwanjani.

Mzee wenu,
Goma