Barua kwa Rehema: itafute cheche kabla ya kununua koili

Bombo, Jumapili usiku

Mwanangu Rehema,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima. Mama yako anakusalimu, na bibi anauliza kama umeshazoea baridi ya Kabale au bado unalala na sweta mbili.

Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu. Unasema lori lako dogo la rimoti limekataa kuwaka, na umepata mtu anayeuza koili, kile kifaa kinachoipa plagi moto, kwa shilingi laki nne. Mama, usitume hiyo pesa bado. Hiyo ni pesa ya hosteli, na katika yote uliyoniandikia sijaona mahali ambapo koili imekutwa na kosa. Umeambiwa tu kwamba ni koili.

Lori lako nimeliona kwenye picha, lakini injini yake naijua. Ni Zenoah ya Japani, tustroki (ya mipigo miwili) yenye ujazo wa sisi 26, ndugu wa zile za mashine za kukata nyasi zinazojaa mezani kwangu kila mvua zikianza. Umesema ulichaji betri usiku kucha ukidhani itasaidia. Betri ile inalisha risiva, inayopokea mawimbi ya rimoti, na servo, vile vimota vinavyosukuma usukani na mafuta. Haipeleki moto kwenye plagi. Moto wa plagi unazaliwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Mna sumaku humo, na kila sumaku inapopita mbele ya koili, koili inatoa umeme mkali unaoruka kwenye mdomo wa plagi. Ndiyo maana kamba ya kuwashia lazima uivute kwa nguvu na haraka: ukivuta polepole, sumaku inapita polepole na cheche haitoki.

Anza hivi. Vuta kamba mara kumi, kisha toa plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki, na koili unaionea bure. Ikiwa imelowa, petroli inafika, basi tutafute moto. Ipanguse, ichomeke kwenye kofia yake, ilaze kwenye mapezi ya silinda ili chuma chake kiguse chuma kisicho na rangi. Iwe mbali na tundu ilikotoka, maana mvuke wa petroli unapulizwa pale, na cheche moja inatosha kuuwasha. Fanya hivyo nje, jioni giza likianza kuingia. Mwenzako avute kamba, wewe tazama. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika, ta, ta, ta. Ikiwa nyembamba na ya njano, ni dhaifu. Na tafadhali, usivute kamba hata mara moja plagi ikiwa inaning'inia hewani. Umeme usipopata pa kurukia hutoboa njia ndani ya koili yenyewe, na hapo utakuwa umeiua kweli.

Usipoona cheche, weka plagi mpya ujaribu tena. Bado hakuna? Sasa njoo kwenye waya ninaoushuku tangu nilipokusoma.

Kwenye koili kuna waya mwembamba unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia. Wengi hudhani swichi hiyo inakata umeme kama ya taa ya nyumbani. Hii inaunganisha. Ukiibonyeza, umeme wa koili unapelekwa kwenye mwili wa chuma wa injini, unapotelea huko, na plagi inabaki mikono mitupu. Kwa hiyo waya huo ukichubuka ukagusa chuma mahali popote, ni sawa na mtu ameshikilia swichi.

Mwaka wa pili tangu nitoke karakana ya jeshi, mzee mmoja aliniletea msumeno wa injini. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikafungua kabureta. Siku ya nne nikainua mfuniko kwenye jua, nikaona waya umebanwa na skrubu, shaba inang'aa padogo kama ncha ya sindano. Yule mzee alikuwa amelipia koili kwa pesa ya mbao ambazo hajazipasua. Pesa nilimrudishia. Siku nne za kazi yake sikuweza kumrudishia, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Chomoa waya huo pale kwenye koili, uuache usiguse kitu, ujaribu cheche tena. Ikitoka, koili ni nzima na kosa liko kwenye waya au swichi. Kama lori lina kile kisanduku cha kuzima injini kwa rimoti, nacho kichunguze. Vingi vimeundwa kuzima injini mawimbi yakikatika au betri ikishuka, na kikiharibika kinaweza kuzima wakati wote. Kumbuka tu kwamba waya ukiwa umechomolewa, swichi haitazima injini. Inua magurudumu juu ya kigogo kabla ya kuwasha, na mkono uwe karibu na choki, kile kilango cha hewa cha kabureta. Ukiifunga, injini itakosa hewa na kufa.

Sababu ya kuushuku waya ni maneno yako mwenyewe: "linazima ghafla likitua kutoka kwenye tuta." Injini inayokosa petroli hufa kwa kulegea, inapanda na kushuka kwanza. Inayokosa moto hukatika kama uzi. Lakini umeandika pia kwamba wiki iliyopita lilikuwa likipata joto linazima, likipoa linawaka. Hiyo kweli inaweza kuwa koili, kwa sababu nyaya za ndani zikichoka huachana zikipata joto. Inaweza pia kuwa tundu la hewa la tangi limeziba. Siku litakapozima likiwa na joto, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia linavuta hewa, na baadaye likawaka, shida ni tangi. La sivyo, pima cheche papo hapo kabla halijapoa. Ikikosekana kwenye joto na kurudi kwenye baridi, huku waya wa swichi umechomolewa, hapo nitakubali tununue koili, na nitachangia nusu.

Ukifungua mfuniko wa flaiwili, angalia kutu kwenye sumaku na kwenye vyuma vya koili. Ukungu wa huko unaingia kila mahali. Piga msasa laini, kidogo tu. Nafasi kati ya koili na sumaku iwe milimita 0.3, kadi ya mwaliko wa arusi inakaribia unene huo. Weka kadi katikati, legeza skrubu, acha sumaku ivute koili, kaza, toa kadi. Na kama cheche ipo, petroli ipo, lakini injini inarusha kamba nyuma au inapiga risasi kwenye egzosi, angalia kii ya flaiwili, kile kichuma kidogo kinachoizuia isihame kwenye mhimili wake. Ikikatika, flaiwili inahama na cheche inatoka wakati usio wake.

Plagi iliyoandikwa kwenye injini hizi ni NGK CMR7H, mdomo milimita 0.6 hadi 0.7. Ile R inamaanisha ina rezista inayopunguza kelele za umeme zinazovuruga redio. Ulisema usukani ulikuwa ukitikisika wenyewe injini ikiwa imewaka. Soma plagi iliyomo. Huenda aliyekuuzia aliweka ya aina nyingine.

Kabureta usiiguse kwanza. Kabale iko karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi kuliko huku, kwa hiyo plagi kuwa nyeusi na yenye unyevu kidogo si ajabu. Hilo tutalirekebisha likishawaka.

Nimekufungia plagi mbili, fila geji yangu ndogo ya kupimia nafasi na kipande cha waya mzuri. Kifurushi kitapanda basi la Jumanne usiku kutoka Kampala. Jumatano jioni nipigie ukiwa mbele ya lori, kamba mkononi, niisikie hiyo cheche.

Baba yako