Barua ya kufunga muhula: hatukufungwa, na kombe hatuna

Kwa wazazi na walezi wote,
Tanga

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA MSIMU WA TIMU YETU YA MPIRA

Ndugu wazazi na walezi,

Shikamooni wazee wetu, na kwa wengine habari za tangu kikao cha Januari. Watoto wanarudi nyumbani leo wakiwa wazima, kila mmoja na ripoti yake ndani ya bahasha. Naomba bahasha hiyo muifungue wenyewe, msome maoni ya mwalimu wa darasa mpaka mwisho, mtie saini na kuirudisha shule ikifunguliwa. Tarehe ya kufungua imeandikwa humo. Ratiba ya masomo ya likizo kwa kidato cha pili na cha nne imebanwa nyuma ya ripoti. Michango ya chakula mliyotoa ilitufikisha wiki ya mwisho bila sufuria kulala tupu siku hata moja, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote.

Sasa nije kwenye swali ambalo nimeulizwa getini, nje ya msikiti baada ya Ijumaa, na hata pale soko la Mgandini nikinunua nazi: "Mwalimu, timu haijafungwa mechi hata moja. Kombe liko wapi?"

Kombe hatuna. Tumekuwa wa pili. Kwa kuwa wengi mnaona kama kuna jambo limefichwa, nitaeleza mechi kwa mechi pale panapostahili, na sehemu iliyo ya kwangu nitaibeba mwenyewe.

Tulikuwa shule 6 za jirani, kila timu mechi 10, nyumbani na ugenini. Sisi tulishinda 6 na kutoka sare 4, tukapata pointi 22. Mabingwa walishinda 8, wakatoka sare 1 na kufungwa 1, wakapata pointi 25. Aliyewafunga ni sisi, bao 1-0 hapa kwetu. Aliyetoka nao sare ni sisi vilevile. Hawakutushinda uwanjani, lakini timu nyingine zote wao walizipiga, sisi hatukuweza. Mwalimu wa Hisabati alijaribu hata hesabu ya zamani, ya ushindi kuwa pointi 2, kabla FIFA haijaifanya 3 kuwa kanuni ya kila mahali mwaka 1995. Tungekuwa na 16, wao 17. Kombe ni lao kwa haki, na vijana wetu walikwenda kuwapa mkono mbele ya wazazi wao.

Jambo hili si geni. Wapenzi wa Coastal Union mnakumbuka Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha: Wagosi wa Kaya walitoka sare ya 3-3 na Yanga, kombe likaondoka kwa matuta. Yanga hao hao msimu ule walichukua ubingwa wa ligi bila kufungwa, lakini katika mechi 30 walishinda 22 na kutoka sare 8. Azam walipochukua ubingwa bila kufungwa msimu wa 2013/14, walishinda 18 na sare zilikuwa 8 pia. Na kule Italia, Perugia walimaliza msimu wa 1978/79 bila kufungwa katika mechi 30, wakawa wa pili, kwa sababu sare zao zilikuwa 19. Milan walifungwa mara 3 na kombe wakalibeba. Niliwaandikia vijana hesabu hizi ubaoni siku ya Jumatatu baada ya mechi ya mwisho, maana walikuwa wameinamisha vichwa na sikujua namna nyingine ya kuwaambia kwamba hawako peke yao.

Kwa hiyo ushindi 6 nitaupita haraka, mmeshausikia mtaani. Nataka kuzungumza juu ya sare.

Mbili kati ya hizo 4 zilitokana na uamuzi wangu. Kwenye kikao cha Januari tulikubaliana, na wengi wenu mlinyoosha mikono: mchezaji ambaye hajakusanya daftari la zoezi kufikia Alhamisi, Jumamosi hachezi. Wiki ya pili ya ligi tulikwenda Pongwe bila mshambuliaji wetu na bila winga wa kulia. Wiki ya tatu tulibaki bila kiungo. Ya kwanza tulitoka 1-1, ya pili ikawa suluhu. Ikiwa sare hizo mbili zingekuwa ushindi, tungekuwa na pointi 26 na kombe lingekuwa juu ya kabati la ofisi yangu. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko yeyote kati yenu.

Siku ya Pongwe sitaisahau. Wakati wa mapumziko tulikuwa nyuma kwa bao moja. Vijana wamekaa chini ya mwembe wanagawana maji ya ndoo, nikaona mtu anakuja mbio kutoka barabarani, shati la shule limelowa mgongoni. Ni yule mshambuliaji. Alikuwa amepanda daladala kwa nauli yake, na mkononi ana daftari la Hisabati amelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe jasho. Akalifungua mbele yangu. Maswali yote yamefanywa, wino wa ukurasa wa mwisho bado umechafuka kwa haraka. Chini ya shati alikuwa ameshavaa jezi. Hakusema neno, alinitazama tu. Na timu nzima nayo ilinitazama.

Nilimwambia hapana, Alhamisi imepita. Nikamwomba akae karibu na mimi. Aliketi kwenye nyasi, akaangalia kipindi cha pili chote akiwa ameshika lile daftari, na tuliposawazisha kwa kona dakika za mwisho, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia uwanjani kuwakumbatia wenzake.

Mzazi mmoja alikuja ofisini wiki hiyo. Alizungumza kwa adabu lakini kwa uchungu, akasema mtoto akishafanya kazi, siku mbili ni nini? Nilimsikiliza na ninamheshimu. Jibu langu ni lile lile leo. Wale waliokusanya Alhamisi walikuwa wamekaa na koroboi na simu za tochi Jumatano usiku, na wengine wao hupewa dakika 10 tu za kucheza. Nafasi ya pale Pongwe ilikuwa yao. Sitawaambia kwamba alama za Hisabati zimepaa kwa sababu ya sheria hii. Zimepanda kidogo kwa wengine, kwa wengine hazijapanda. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kuanzia wiki ya nne hatukumwacha mchezaji nyumbani tena kwa sababu ya daftari.

Sare ya tatu ilikuja baada ya Idd. Tulisimamisha mechi mwezi mzima wa mfungo, na tuliporudi miguu ilikuwa mizito. Tuliongoza 2-0 na yakarudi yote mawili. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

Ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko hata ushindi. Ilikuwa ugenini kwa mabingwa, mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, na kipa wetu alikuwa ameteguka kidole siku moja kabla. Shule yetu ina wavulana 61. Hatuna kipa wa pili wa kusema huyu ndiye. Tulikuwa na mtoto wa kidato cha pili ambaye hukaa golini wakati wa mazoezi kwa sababu kaka zake wamempeleka huko. Glavu zilimpwaya. Mwalimu wa michezo alikata vipande vya tyubu ya baiskeli, akamfunga kwenye vifundo vya mikono, kaza, legeza, kaza tena, huku mtoto akitazama lango la upande wa pili bila kupepesa macho. Alipangua mashuti ambayo sikuyahesabu. La mwisho alilizuia kwa goti akiwa ameshalala kwenye tope, na beki wetu akalifyeka likaenda hadi kwenye mihogo ya watu. Suluhu. Mashabiki wa wenyeji walimpigia makofi akitoka, na mama mmoja wa pale alimpa maji ya moto anawe uso.

Niliwaambia walimu jioni ile kwamba timu ndogo kama yetu haiwezi kumaliza msimu bila kufungwa kwa uhodari wa watu 11. Wamecheza vijana 18, na wote 18 walianza angalau mechi moja.

Mambo machache yaliyobaki. Vijana watatu wameitwa kwenye timu ya wilaya ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Fomu za ruhusa ziko ndani ya bahasha, na tafadhali zirudishwe ndani ya siku tatu. Wachezaji wa kidato cha nne wameniomba wenyewe wapumzishwe muhula ujao kwa sababu ya mtihani wa Novemba. Nimekubali, ingawa hao ni mabeki wote wawili wa kati. Timu ya netiboli inaanza ligi yake tukifungua, na nawaomba akina baba mje kuitazama kwa wingi ule ule mliokuja nao kwenye mpira wa miguu.

Tunahitaji glavu za kipa za mkono mdogo. Aliye nazo nyumbani, hata zilizotumika, tutazipokea kwa furaha. Na babu yetu mvuvi wa Sahare, aliyetushonea nyavu za magoli mawili bila kutoza hata senti, amesema nyavu za upande wa barabarani zimeliwa na jua na ataziangalia likizo hii. Ameomba uzi wa nailoni kama ule wa nyavu za dagaa. Mwenye nao amkabidhi mlinzi wa getini, yupo kila siku mpaka magharibi.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule